Futa Isiyohusika

Kamati ya Ukaguzi na Mapokezi ya chuo chetu ina wajumbe wanne, na kwa miaka saba niliyokaa ndani yake kama katibu sijaona kitu kilichoingia mikononi mwake kikatoka salama. Tulishapokea jokofu la maabara, likaishia kupoza soda za wageni. Tulishakataa darubini kwa sababu hati ilisema "stendi" na sisi tukaona mguu. Chuo kipo Buswelu. Jina lake nalihifadhi, maana bado nakula mshahara wake.

Jumanne moja ya mwezi wa tisa tuliletewa kibodi.

Hakikuwa cha kuandikia barua. Kilikuwa cha kuchezea michezo ya kompyuta, cha daraja la juu kabisa, na kilitoka kwa Zohra Taherali, mwenye duka la vifaa vya elektroniki mjini. Mama huyu alikuwa amemwona mwanafunzi wangu Dorcas akiendesha magari ya kwenye skrini, akasahau hadi alichokuwa amekuja kutuuzia chuoni. Akasema binti huyu lazima apewe kifaa cha maana. Ilikuwa zawadi ya Dorcas, kwa jina lake. Lakini chuoni kwetu mwanafunzi hapewi kitu mkononi. Zawadi huandikwa "Kwa: Mkuu wa Chuo", Mkuu huileta kwenye kamati, kamati huikagua, huitathmini, huipaka namba kwa rangi nyeupe, ndipo iende inakokwenda.

"Mwalimu, nisije nikasikia kiko stoo," Zohra aliniambia.

Nikamwambia ondoa shaka, mimi ndiye katibu.

Jumamosi ya wiki ileile kulikuwa na mashindano ya vyuo vya Kanda ya Ziwa, mbio za magari, katika ukumbi mmoja kule Ilemela. Kila mchezaji anakuja na kibodi chake, na wawili wa kwanza wanakwenda Dar es Salaam. Dorcas alitaka kwenda Dar, nani asiyetaka. Ila alikuwa na jingine lililomkosesha raha zaidi. Baba yake, mzee Mihayo wa Mkolani, ameendesha malori miaka thelathini, na hajawahi kumruhusu binti yake ashike usukani hata gari likiwa limezimwa. Akisikia mtu anasema "mbio za kompyuta" hucheka mpaka anakohoa. Mwaka huu, baada ya kuombwa sana, alikubali kuja kuangalia.

"Nikiona kweli unaendesha," alimwambia, "nitakufundisha mwenyewe, kwa gari langu."

Basi Dorcas alikuwa anahesabu siku.

Nieleze kidogo kibodi chenyewe, maana kamati haikunipa nafasi ya kueleza. Kibodi cha kawaida kinajua ndiyo na hapana tu. Ukibonyeza kitufe, gari linakata kona kwa nguvu zote, ukiachia, limenyooka. Hiki kinapima. Gusa kidogo, gari linapinda kidogo. Zamisha kidole, linapinda sana. Ndani ya kila kitufe kuna sumaku inayosikia kidole kimefika wapi, na unaweza kukipangia kiitikie mguso mwepesi kiasi gani. Kabla hakijapelekwa kwenye kamati, Dorcas alikijaribu dakika kumi ofisini kwangu. Akaipita kona moja kali taratibu, bila gari kuyumba, akanigeukia macho yamemjaa machozi.

"Mwalimu, kinanielewa," akasema.

Mimi mwenyewe nilisisimka, sina haja ya kuficha.

Sasa waliokitengeneza wana jina la ufundi huo, na walilipiga chapa juu ya boksi kwa herufi za dhahabu, kwa fahari kubwa. Hata asiyejua Kiingereza angelisoma bila taabu. Analojia.

Hapo ndipo tulipokwama. Kwetu neno hilo lilishakufa, tena lilikufa vibaya. Mitambo ya televisheni ya analojia ilipozimwa, watu tuliokuwa hatuna ving'amuzi tulibaki tunatazama chenga. Tangu siku hiyo analojia ni tusi. Simu ya kubonyeza ni analojia, mume asiyejua kuosha sahani ni analojia, mwalimu anayeandika kwa chaki ni analojia, na hapo ananyooshewa kidole nani kama si mimi. Mwenyekiti wetu, Mzee Chenge, mtunza bohari, alikuwa amenunua televisheni ya chogo, inchi ishirini na tisa, miezi miwili kabla ya uzimaji. Mpaka leo iko sebuleni kwake imefunikwa kitambaa, na hapendi mgeni aulize.

Kikao kilianza kwa chai na sambusa, kama vikao vyote vinavyojiheshimu. Paulo, mwalimu wa useremala, ndiye aliyetangulia kukagua. Alitoa futi yake, akapima urefu, upana na kimo, akakiweka mezani, akainama usawa wa meza na kufumba jicho moja.

"Kimepinda. Nyuma kimeinuka kuliko mbele," akasema.

"Kimeundwa hivyo ili mkono ukae vizuri," nikamjibu.

"Mimi nasema ninachokiona. Andika kasoro."

Nikaandika kasoro.

Akafuata Bi. Bernadeta, mhazili wa Mkuu wa Chuo. Huyu mama alijifunza kazi kwa taipureta ya chuma, ana vidole vya kukandia chokaa, na alifundishwa kwamba mhazili wa kweli hupumzisha vidole vyake vinane juu ya vitufe vya katikati akisubiri kuamriwa. Akakaa wima, akapumzisha vidole. Kwa kuwa Dorcas alikuwa amekipanga kiitikie mguso mwepesi kuliko wote, skrini ikajaa herufi mistari mitatu kabla mama hajaanza kazi.

"Kina kiherehere," akatoa hukumu. "Sijakiuliza, kinajibu."

"Mama, kinapangwa. Naweza kukifanya kizito."

"Kifaa chenye adabu hakipangwi."

Mzee Chenge muda wote huo alikuwa ameshika boksi, analigeuza. Mwishowe akanisogezea.

"Mwalimu Nestoli, hebu soma hapo."

"Analojia, mwenyekiti."

"Kumbe sijasoma vibaya." Akavua miwani. "Selikali ilishazima analojia. Hapahapa Mwanza, mimi nikiwepo. Huyu mama wa dukani anatuletea vitu vilivyozimwa?"

"Mzee, hii ni analojia nyingine. Hii iko juu kuliko dijitali."

Alinitazama kwa huruma. "Ingekuwa juu, ingezimwa?"

Nikaivuta fomu karibu.

Fomu yetu ya tathmini, sehemu ya nne, inasema: Teknolojia: Dijitali/Analojia (futa isiyohusika). Kifaa cha analojia hupelekwa bohari ya vifaa chakavu kusubiri mnada, na mnada wa mwisho ulifanyika Mkuu aliyepita akiwa bado ana nywele. Nikaliona boksi la Dorcas limelala kule chini ya matairi na madawati yasiyo na miguu, na maneno ya Zohra yakanirudia.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo ninapojilaumu. Njia ilikuwepo. Kompyuta ilikuwa mezani, mchezo ulikuwa ndani yake, na Dorcas mwenyewe alikuwa nje kwenye benchi, amekaa mikono katikati ya magoti. Ningemwita aingie, aipite kona moja tu mbele ya wazee wale, wangeona kwa macho yao. Paulo ni fundi. Fundi akiona kitu kinafanya kazi hubadilika hapohapo. Lakini ilikuwa inakaribia saa saba, nilikuwa na njaa, na zaidi ya yote nilijiona mjanja kuliko wao.

"Mwenyekiti," nikasema, "nimekichunguza. Kinaunganishwa kwa waya wa kompyuta, na kompyuta haijui kitu kingine zaidi ya dijitali. Kwa hiyo ni dijitali. Hilo boksi limekosewa tu."

Mzee Chenge akachangamka usoni. "Ungesema mapema! Watu wa viwandani hawa, kuandika tu kunawashinda."

Nikachukua rula, nikapiga mstari safi juu ya neno Analojia. Wajumbe wakasaini. Kupitia dirishani nikamwonyesha Dorcas dole gumba, naye akaruka pale kwenye benchi.

Nilichosahau ni ukurasa wa pili wa mwongozo wetu, ambao niliuchapa mimi, na nikapongezwa: "Vifaa vipya vya dijitali vya daraja la kwanza vitaanzia ofisi ya Mkuu wa Chuo." Jumatano asubuhi kibodi kilikuwa juu ya meza ya Bi. Bernadeta, kimepakwa namba ya chuo kwa rangi nyeupe kuanzia kitufe cha kwanza hadi cha mwisho.

"Mama, shikamoo. Kile kifaa ni cha mwanafunzi."

"Marahaba. Kilikuwa. Ofisi ya Mkuu itakuwaje na kifaa cha chini kuliko cha mwanafunzi?"

"Lakini ulisema kina kiherehere."

"Kinacho. Ila ni dijitali, na fomu umesaini wewe."

Nikaomba angalau nikipange kiwe kizito kidogo ili asitaabike. Akakifunika kwa mikono yake miwili na kuniambia nisiguse mali ya ofisi.

Nikamkimbilia Mzee Chenge bohari. Alinisikiliza hadi mwisho, akakuna kidevu.

"Kumbe ulikuwa unamtafutia yule binti?" akasema. "Mbona hukuniambia? Ungeacha kiwe analojia, kingeletwa huku kwenye chakavu. Huku funguo ninazo mimi. Ningempa leo hii akaendeshee mbio zake, nani angejua?"

Nilisimama pale katikati ya matairi nikakosa pa kuweka uso.

Jumamosi Dorcas alikwenda Ilemela na kibodi cha maabara, kile ambacho herufi zake zilishafutika na kitufe kimoja kinanata. Nilimwambia ni matatizo ya kiutawala. Alisema, "Sawa, mwalimu," akakipangusa kwa kona ya kitenge chake. Mzee Mihayo alikaa mstari wa mbele, amevaa koti, mikono ameifumbata, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliangalia mbio za kompyuta bila kucheka. Raundi ya kwanza Dorcas akapita. Ya pili akapita, akiwa wa pili. Nilimwona mzee anasogea mbele kwenye kiti, mguu wake wa kulia unakanyaga sakafu kila binti yake alipofika konani. Mguu ule ulikuwa unafunga breki.

Fainali waliongozana watatu mpaka kona ya mwisho, Dorcas akiwa wa pili. Ilikuwa kona ndefu, ya kuizunguka polepole. Alikuwa anagonga kitufe haraka haraka, ta-ta-ta-ta, akijaribu kuomba nusu kwa kibodi kisichojua nusu. Mara moja kikanata. Gari likapinda lote, likagusa ukingo, wa tatu akapita. Ilikuwa tofauti ya kufumba na kufumbua.

Mzee Mihayo alimfuata binti yake palepale. Hakuwa amekasirika, na nadhani hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

"Umeanza vizuri," akasema. "Ila kona ya mwisho hukulegeza usukani. Usukani unalegezwa kidogo kidogo. Dereva anajua hilo."

"Huu hauna kulegeza, baba. Unabonyeza au hubonyezi."

"Basi siyo kuendesha," mzee akasema kwa upole kabisa, akavaa kofia, akaenda zake. Habari ya kufundishana kwa gari lake haikutajwa tena. Dorcas alibaki anakunja waya wa kibodi, anaukunjua, anaukunja.

Jumatatu aliletewa barua. Alikuja nayo ofisini kwangu, akaiweka mezani. Ilikuwa na mhuri, saini ya Mkuu wa Chuo, na kazi ya kile kibodi ilionekana kila mstari:

"YAHH: KUTAAKIWA KUJIELEZAA. Unataakiwa kueleza kwa maaandishi, ndani ya siku mbilii, kwa nini umekiaibisha chuo mbele ya vyuo vinginee wakati uongozi ulifanya kila linalowezekanaa."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Dorcas hakuwa anaangalia barua. Alikuwa anaangalia ukutani nyuma yangu, ambako nakala ya fomu ya tathmini hubandikwa kila mwezi ili watu wote wajue tunafanya kazi kwa uwazi.

"Mwalimu," akauliza, "pale kwenye fomu, nani alifuta analojia?"

Miaka yote saba nilikuwa nawacheka Chenge, Paulo na mama Bernadeta, na nilikuwa na jibu la neno moja, "Mimi", herufi nne tu.

"Kamati," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akaniomba karatasi ya kuandikia.