Kamba wa Tangi la Nne

Majibu ya tangi la nne yalitoka Alhamisi asubuhi, nami nikayachekelea. Nitrojeni nzito ilikuwa imepanda. Kamba aliyekula nyama huibeba kwa wingi mwilini. Aliyekula majani huibeba kidogo. Tumbo litakwambia alichokula jana tu, lakini minofu hutunza habari za wiki nyingi. Kazi yetu ilikuwa kuwakausha kamba, kuwatwanga wawe unga, na kuiuliza mashine wale wanaovuliwa na meli huwa wanakula nini huko chini. Hawa wa matangini tuliwalisha wenyewe, ili tujue kuyasoma majibu.

"Wamekula vizuri," nikamwambia mkuu wa maabara, mama mkavu tuliyemwita Bi Mizani.

Aliitazama karatasi, akaenda kwenye tangi, akatumbukiza mkono ndani ya chujio. Ukatoka umejaa chakula kilichooza.

"Pampu imekuwa ikikivuta. Wewe ulikuwa unaandikaje kwamba wamekula?"

"Kila asubuhi nakuta chakula hakipo."

"Hawa wana njaa. Mnyama asiyekula hujila mwenyewe, na nitrojeni hupanda vilevile. Utadhani anakula nyama. Na kweli anaila, ila ni yake."

Nilibaki nimesimama na kalamu yangu, nikimwaza mama yangu. Tangu tumzike baba alikuwa akiishi peke yake, safari ya siku mbili kutoka nilikokuwa. Kila Jumapili nilimpigia simu nikamuuliza kama amekula. "Nimekula, nimeshiba, sijui wewe," alisema, nami nikaridhika wiki baada ya wiki, kama nilivyoridhika na daftari langu.

Sikungoja Jumapili.

"Mama, leo umekula nini?"

"Chakula," akasema.

Niliomba ruhusa siku hiyohiyo.

Nilimkuta kitandani, amekwisha, mwepesi kama nguo iliyoanuliwa. Jiko lilikuwa baridi na sufuria zimepangwa safi, kubwa chini, ndogo juu. Nikapika supu nikamletea.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeacha kazi ukaja." Akajaribu kucheka. "Halafu kumpikia mtu mmoja sijui, mwanangu. Miaka arobaini nimepikia wawili. Nikipunguza maji, nikipunguza chumvi, bado chakula kinabaki, nakiangalia tu."

Nilimsogezea bakuli. Hakuligusa.

"Basi usinikodolee macho hivyo. Mimi si hao kamba wako."

Nikageuka, nikatazama dirishani. Nyuma yangu kijiko kiligusa bakuli, kikanyamaza, kikagusa tena.

Nilikaa naye miezi minne, ndiyo tuliyojaliwa. Kila mlo nilimpa mgongo, naye akala alivyoweza. Ni mwaka wa sita sasa tangu aondoke. Uso wake wa siku zile siukumbuki vizuri, maana sikuutazama vya kutosha. Nilichobaki nacho ni ule mlio wa kijiko, na ninautamani mpaka leo.