Opera kwa Tafsiri ya Baba

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeketi sebuleni kwetu Tukuyu. Deki ya video, iliyokufa zamani, ikakohoa na kuniuliza kama nimekuja kumtafuta marehemu baba au kutazama tu.

"Yote mawili," nikajibu.

"Basi ingia kabla sijafika pale ninapotafuna."

Pale nilipafahamu. Kanda yetu ilikuwa moja tu: opera ya vichekesho ya Kiitaliano, iliyorekodiwa jukwaani, ambayo masista wa misheni walimwachia baba waliporejea kwao. Kila Jumapili, mvua ikipiga bati, baba alitutafsiria, ingawa Kiitaliano hakukijua hata neno. Bibi mwenye wigi alipopandisha sauti, baba alisema, "Analalamika chai haina sukari." Karibu na mwisho, deki iliitafuna kanda, naye akatubunia mwisho mpya. Mwisho wenyewe sikuujua kamwe.

Ninaingia kwenye kioo. Jukwaa linanukia poda. Bibi mwenye wigi ananikazia macho.

"Binti, umenikanyagia wimbo."

"Samahani."

"Humu ndani neno husemwa mara tatu."

"Samahani, samahani, samahani."

"Hapo sawa. Unataka nini?"

Namweleza. Ananionyesha kundi la waimbaji, wote wamevaa kofia. "Baba yako yumo. Ila kwa sheria ya opera, mtu akivaa kofia hatambuliki, hata na aliyemzaa. Akivua, ni yeye."

"Niwavue?"

"Huna adabu? Mtu huvua mwenyewe, akiitwa na anayemjua."

Ninapita mbele yao mmoja mmoja. Kweli, nyuso zote ni ngeni kwangu. Jukwaa sasa ni shamba la chai, na umande unanilowesha miguu. Deki inaita kutoka mbali, "Naanza kuhisi njaa!"

Namsihi bibi aimbe. Anaimba hadi machozi yanamchirizika kwenye poda.

"Anasema nini?" nawauliza wenye kofia.

"Anasema moyo wake unaungua kwa mapenzi," wanajibu kwa pamoja, kwa ufasaha mkubwa.

Nyuma kabisa, mwenye pama ya kahawia anatikisa kichwa. "Hapana. Anauliza nani kaacha banda la kuku wazi."

"Baba, baba, baba!"

"Naam, mama. Naam, mama. Naam, mama."

Anavua pama. Ni yeye, pamoja na lile pengo lake la jino.

"Baba, mwisho wake ni upi?"

"Wanasameheana wote, Tumpe. Kisha mmoja wao anakwenda kufunga..."

Deki ikatafuna.

Niliamka kwenye kochi, kumekwisha kupambazuka. Juu ya deki alisimama tetea wetu mweupe, akinitazama kwa jicho moja. Nje, mama alikuwa akifoka.

"Tumpe! Nani kaacha banda la kuku wazi?"

"Baba ameshaniuliza, mama."

Mama akaja hadi dirishani, kikapu cha mayai mkononi, akauliza kwa sauti ya chini:

"Alivaa ile pama yake?"