Kiti cha Kinyozi, Leseni ya Msusi

Kufikia saa tatu asubuhi Rosaline Nyambu alikuwa amesuka nusu ya kichwa cha Ivy, mteja wake wa kwanza, na shingo yake mwenyewe haikuwa imelalamika hata mara moja. Jambo hilo lilimtia shaka. Kwa miaka mingi alikuwa amezoea kuipima kazi kwa bega lake la kulia: likianza kuwaka, mistari ya mbele imekwisha, ganzi ikifika vidoleni, mteja anaweza kuomba kioo. Leo bega lilikuwa kimya, na yeye akawa kama mpishi asiyesikia harufu ya chakula chake.

Ilikuwa Alhamisi, siku moja kabla ya mahafali ya Chuo Kikuu cha Kibabii. Wasichana walikuwa wamekijaza kibanda chake katika soko la Mwangaza, nyuma ya reli mjini Bungoma, wakafurika hadi nje. Walipigana vikumbo, wakaonyeshana mitindo kwenye simu, wakacheka kicheko cha watu waliomaliza mitihani na ambao bado hawajaanza kutafuta ajira. Nabwile, msusi kijana aliyefanya kazi pamoja na Rosaline, alichambua nywele za kusukia huku akiwatisha kwamba atakayepiga kelele atasukwa mwisho. Hakuna aliyemwamini.

Kilichowavuta zaidi ya kusukwa kilikuwa kiti. Katika vibanda vya soko hilo mteja huketi kwenye kigoda kifupi, na msusi humwinamia kutwa nzima kama mtu anayetafuta sindano iliyoangukia majivuni. Hakuna aliyeamua iwe hivyo. Ni desturi tu, na desturi haina shingo ya kuiuma.

Desemba iliyopita bega la Rosaline lilikuwa limefunga kabisa. Alishindwa kuinua kijiko, akarudi kwa mama yake Kitale, akaikosa Krismasi nzima, msimu ambao wasusi wengine hujengea nyumba. Huko alijifunza kuishi na maumivu. Alikaanga chumvi, akaitia kwenye soksi, akailaza shingoni kabla ya kulala. Aliutupa mto mnene, akakunja leso na kuiweka mahali pake. Mkoba aliuhamishia bega la kushoto, na simu akazoea kuiinua usawa wa macho badala ya kuiinamia. Mbinu hizo zilimpa usingizi. Hazikumpa tiba, na hakuna mwenye akili aliyedai kwamba zingempa.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyemwona huko alikuwa mkweli kupita kiasi. Alimwambia kwamba uchungu huo angezeeka nao, ila aache kuinamia kazi. Aiinue kazi imfikie. Rosaline alipouliza kichwa cha mtu huinuliwaje, alijibiwa kwamba atafute kiti kinachopanda. Mtaalamu alilisema hilo kwa wepesi wa mtu ambaye amekalia kimoja.

Kiti kilipatikana kwa Gathogo, kinyozi mzee wa Kitale na rafiki wa marehemu baba yake, aliyekuwa akifunga duka kwa sababu ya macho. Kilikuwa cha chuma, chenye ngozi iliyochakaa na kanyagio upande mmoja. Kilifika Bungoma Jumatano jioni juu ya pikapu ya viazi. Rosaline alikanyaga, Nabwile aliyekikalia akapanda taratibu hadi akakaribia mabati, na nusu ya soko ikaacha biashara ije kutazama.

"Mama Munene," Ivy alisema sasa, akimwita Rosaline kwa jina la mwanawe wa kwanza, "ukinipandisha tena kidogo nitaona kwetu Chwele."

"Ukiona mamako msalimie," Nabwile alimjibu. "Mwambie alete vitunguu."

Ivy alikuwa wa kwanza kwao kuhitimu. Mama yake, mwenye kuuza vitunguu Chwele, alikuwa amekodi pikapu ya kuleta jamaa, na kwa simu asubuhi hiyo hakuuliza habari za shahada. Aliuliza kama nywele zimeanza.

Ndipo akaja Wabwile, afisa wa ukaguzi wa soko, katika koti lake la manjano linalong'aa. Alikizunguka kiti. Alikanyaga kanyagio, akamwona Ivy akipanda, akatikisa kichwa kama aliyethibitishiwa habari mbaya. Kisha akaisoma leseni iliyotundikwa ukutani.

"Mama, hii reseni ni ya kusuka."

"Si ndiyo nafanya?"

"Lakini hiki ni kiti ya kinyozi. Kinyozi ni reseni ingine."

Rosaline alimweleza kwamba hapo ndani hapakuwa na wembe wala mashine ya kunyolea, na kwamba hakuna kichwa kilichowahi kutoka humo na nywele chache kuliko kilivyoingia nazo. Wabwile alisikiliza kwa subira ya mtu anayelipwa kusikiliza, kisha akasema kwamba sheria haiangalii kitu kinafanya nini. Inaangalia ni kitu gani. Rosaline akamwambia habari ya bega. Wabwile akampa pole, na pole hiyo ilikuwa ya kweli. Akaongeza kwamba hata yeye mgongo humsumbua, lakini hajavunja sheria kwa ajili yake.

"Si umkarishe tu kwa stuli kama wengine?"

Rosaline angeweza. Angemmaliza Ivy kwa kuinama, na pengine anayemfuata, na kabla ya giza bega lingefunga tena. Wasichana waliobaki wangeenda kwa wengine, na Krismasi ya pili ingempita akiwa amelala Kitale na soksi ya chumvi shingoni. Hayo yote yalikuwa wazi kwa kila aliyekuwa kibandani, Wabwile akiwamo. Hata hivyo afisa aliita vijana wawili wenye mkokoteni.

Kiti kilitoka kikiwa kimelazwa chali. Nyuma yake alifuata Rosaline, kitana bado mkononi. Nyuma ya Rosaline alifuata Ivy, upande mmoja wa kichwa ukiwa umesukwa mistari iliyonyooka na ule mwingine umesimama wima kama uliopata habari ya ghafla. Na nyuma ya Ivy, wasichana wote, ambao hawakuwa na sababu ya kubaki. Soko zima lilinyanyuka kutazama.

"Mnazika nani?" aliuliza muuza nyanya mmoja.

"Kiti imeshikwa," Nabwile alisema.

"Imeiba?"

"Imekalisha mtu."

Kicheko kilikimbia kutoka meza hadi meza, kikawatangulia kufika ofisini. Hapo kiti kiliingizwa stoo, kufuli ikabanwa. Wabwile alieleza kwamba mwenye mamlaka ya kukiachilia ni mkuu wa soko peke yake, na mkuu alikuwa Kisumu, hotelini, kwenye semina ya ustawi wa wafanyabiashara wadogo. Angerudi Jumatatu.

"Na mimi kesho nitavaa kofia na kichwa nusu?" Ivy aliuliza.

"Itabidi mngoje," Wabwile alisema, akaingia ndani.

Ofisi ya soko ilijengwa juu ya msingi mrefu ili maji ya mvua yasifikie mafaili. Wafanyabiashara hawakuinuliwa. Mlangoni mwake zilishuka ngazi pana za saruji zisizo na vizuizi ubavuni, na Ivy, machozi yakimlengalenga, aliketi kwenye ukingo wa ile ya juu. Rosaline alimsogelea kutoka ubavuni, akiwa amesimama chini kwenye vumbi, amshike bega amtulize. Mkono wake ulikuta nywele badala ya bega. Kichwa cha Ivy kilikuwa usawa wa kifua chake hasa. Aliteremsha mabega, akavuta pumzi, akakitazama kichwa hicho kwa muda.

"Nabwile, lete nywele."

Alianza pale alipoachia. Nabwile, ambaye ni mfupi, alijaribu ngazi ya kati, ikamfaa. Akaketisha mteja wake hapo. Punde wasusi wa vibanda vingine, ambao kwa miaka yote walikuwa wakisema kwamba hawaumwi popote, walifika mmoja mmoja na wateja wao, wakajipimia ngazi. Mmoja aliyekuwa mrefu kama mlingoti alisimama wima mara ya kwanza tangu aanze kazi hiyo, na wenzake wakagundua kwamba hawakuwahi kujua urefu wake.

Wabwile alitoka.

"Mama Munene, hii ni ofisi."

"Umetuambia tungoje. Tunangoja."

"Hapa mnasuka."

"Si umesema sheria haiangalii mtu anafanya nini?" Rosaline hakuacha kusuka. "Sisi ni watu wa kungoja."

Wabwile alifikiri. Aliyatazama mafungu ya nywele, akautazama umati uliokuwa umeacha nyanya na kabeji zake ili usikie jibu lake, akarudi ndani kutafuta kanuni ya ngazi. Alasiri yote hakuonekana.

Saa tisa mvua ilianza, kama ada ya Bungoma. Paa la veranda lilizifunika ngazi na waliozikalia, halikuwafunika wasusi. Ivy alifungua mwavuli, akaunyosha juu ya Rosaline, na ngazi kwa ngazi miavuli mingine ikafunguka, wasichana wakiwainulia wasusi wao, wakibadilisha mikono walipochoka, huku wakijizoeza kwa sauti kubwa jinsi watakavyoitwa majina yao kesho na kushangiliana kila jina. Maji yalipita kwenye viatu vya Rosaline. Bega liliuma, kwa kuwa lilikuwa bega lake, lakini liliuma kwa adabu. Alimmaliza Ivy, ambaye alipiga picha, akaituma Chwele, akarudi kushika mwavuli. Rosaline akamwita anayefuata.

Jioni Wabwile alifunga ofisi aende zake. Ngazi zote zilikuwa zimejaa. Alikunja suruali, akashuka taratibu katikati ya magoti na vitana, akiomba njia kwa kila aliyeketi, na kila aliyeketi alimjibu "pita tu" bila kuinua kichwa, kwa maana anayesukwa haruhusiwi kukiinua. Chini alisimama kando ya Rosaline, mvuani, akamtazama anavyofanya kazi akiwa wima. Aliuliza kwa sauti ya chini kama ngazi zinasaidia.

"Zinasaidia," Rosaline alisema. "Sasa usizifungie stoo."