Taya la Laroussi

Trekta lilipompindukia Laroussi katika shamba lake la mizeituni, nje ya mji wa Sfax, lilimsaga taya pande zote mbili. Daktari alitaka kumtengenezea jingine la chuma, lakini umbo la zamani angelitoa wapi? Kilichokuwepo ni picha themanini na tatu, nyingi za harusi za watu, ndani ya boksi la biskuti.

Mkewe, Mabrouka, alizipeleka kwa Wassila, mhandisi aliyetunga programu ya kuunda uso mzima kutokana na picha za kawaida. Uso hautulii: unacheka, unatafuna, unanuna. Programu hulinganisha picha zote. Kinachobadilika hukihesabu nyama, kisichobadilika hukihesabu mfupa. Wassila aliiamini kuliko macho yake, na hilo nusura limponze.

Siku moja kabla ya taya kutengenezwa, alimwita Mabrouka aangalie. Uso ukazunguka kwenye kompyuta. Mabrouka akashika kiuno.

"Huyu nani?"

"Mama, si mumeo huyo!"

"Na hilo donge shavuni?"

"Mfupa, mama. Uko kwenye picha karibu zote."

"Mfupa wapi! Huo ugoro, mwanangu! Miaka thelathini hajautema. Hata siku ya ndoa yetu alinikubali nao mdomoni. Sasa mnataka kumpachika ugoro wa chuma?"

Wassila alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akaugeukia tena uso ule kwenye kompyuta. Kosa lake lingekaa usoni mwa mtu maisha yote.

"Mungu akuweke, mama. Sasa tufanyeje? Tutajuaje ni picha zipi hakuwa nao?"

Mabrouka akafikiri. "Ramadhani," akasema. "Mchana wa Ramadhani hathubutu."

Wakamwaga picha mezani, wakazipata nne: Laroussi midomo mikavu, uso umemkunjamana kwa hamu ya ugoro, shavu limelala. Programu ikajirekebisha kwa hizo nne. Uso ukazunguka tena. Mabrouka aliweka kiganja kwenye kioo cha kompyuta, akalia.

Miezi miwili baada ya kupachikwa taya, Laroussi alikuja mwenyewe, Mabrouka kando yake. Alikuwa amekonda, na kidumu cha mafuta ya zeituni mkononi. Maneno yalimtoka polepole.

"Leo asubuhi nimenyoa ndevu bila kioo, binti yangu. Mkono ulijua njia."

Wassila alikipokea kidumu, akakiweka chini. Akainama, akambusu Mabrouka kichwani.