Namba Moja kwa Kila Familia

Katika klabu ya programu huria ya Ngezi, watu wote ni sawa. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa ukutani kwa rangi ya bluu, na Glodie, mwanachama mwanamke, ndiye aliyetumwa kwenda kununua rangi hiyo.

Klabu yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye kompyuta kuukuu na betri ya sola, na fahari yake ilikuwa programu iliyoitwa Kengele. Vijana wa vijijini walitazama njia za mashambani. Wakiona watu wenye silaha, walituma taarifa, na Kengele ikaisambaza papo hapo kwenye simu za waliokimbilia kambi ya mjini. Ilikuwa programu huria kwelikweli. Yeyote aliweza kuisoma, kuinakili na kuirekebisha nakala yake. Ila ile Kengele iliyolia kwenye simu za watu haikubadilika hata mstari mmoja mpaka Honoré akubali, maana yeye ndiye aliyeshika ufunguo wake.

Honoré hakuwa mtu mbaya, tuseme ukweli. Alikuwa mpole, alisalimia vizuri, na hakumpandishia mtu sauti. Mtu mbaya unamjua mapema, unajihadhari naye.

Kasoro ya Kengele ilikuwa hii: ilikubali namba moja tu kwa kila familia, ya chef de famille, mkuu wa familia. Vijana walioiandika waliiga kadi za msaada za kambini, ambako familia nzima huandikwa kwa jina la baba, na hakuna aliyejiuliza baba yuko wapi asubuhi. Baba yuko mjini. Tangu vita viwatoe vijijini, wanaume wa kambini hawakurudi mashambani, kwa sababu mwanamume akikutwa huko huhesabiwa kuwa mpiganaji. Waliorudi kuchimba muhogo ni wanawake. Wao, ilisemekana, huachwa wapite. Waliosema hivyo ni waliobaki mjini.

Dada mkubwa wa Glodie, Véronique, alikuwa mmoja wa wanawake hao. Kila wiki alishika njia ya Marabo, akakata kushoto kabla ya kufika mjini huko, akaingia katika shamba lao la zamani. Glodie, ambaye hakuwa na mume na aliishi kwao kambini, alimnunulia simu ndogo ya tochi kutokana na mshahara wake wa ualimu, na Véronique akawa anaifunga kwenye ncha ya kitenge. Lakini onyo la Kengele liliendelea kwenda kwa mumewe, Augustin, aliyeshinda sokoni akitengeneza redio.

Basi Glodie akakaa, akaandika rekebisho. Halikuwa jambo kubwa: nafasi ya namba ya pili, ya yule anayekwenda shambani. Akalijaribu likafanya kazi, akalipeleka kwa Honoré kabla mvua hazijaanza.

“Kazi iko muzuri, ma sœur,” Honoré alimwambia kwa kumwita dada, mbele ya wenzao. “Lakini twende polepole. Hii itatia fujo mu manyumba ya watu. Bibi anapata message, bwana hajue imetoka kwa nani. Atasema nini?”

“Atasema bibi yake iko muzima.”

Wote wakacheka, na Honoré akacheka nao. “Weye unakasirikaka mbiyo sana. Tutaongea mu réunion.”

Réunion, yaani mkutano wa klabu, ilifanyika jioni, saa ambayo wanawake wako jikoni na njia ya kurudi kambini ina giza lisilomfaa mwanamke kutembea peke yake. Asiyekuwapo na lake halipo. Wakaamua kuendelea kufikiri. Juma lilelile kijana mmoja alileta pendekezo la kubadilisha picha ya kengele iwe ya rangi ya dhahabu, na likaingizwa siku hiyohiyo.

“Ile kengele yako italia kwangu siku gani?” Véronique alikuwa akimtania wakimenya muhogo.

“Wako wanafikiri.”

“Wanafikiri nini? Numéro yangu iko na matata gani?” Kisha akacheka, maana alikuwa mtu wa kucheka. “Basi miye ninasikilizaka tu ndege. Ndege zikinyamaza, ninakimbia.”

Mvua zikaanza, zikakolea, na rekebisho likakaa palepale lilipowekwa. Ngoja ngoja huumiza matumbo, wanasema wahenga. Véronique haikuishia kumuumiza tumbo.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Vijana wa vijijini walifanya kazi yao: waliwaona watu wenye silaha wakivuka njia ya Marabo, wakatuma taarifa. Kengele nayo ilifanya kazi yake. Ililia kwenye kibanda cha kuchajia simu nje ya kambi, ambako wanaume, kama kawaida yao, walikuwa wameacha simu zao tangu asubuhi kabla ya kwenda sokoni au kutafuta kibarua. Zililia zote juu ya meza, na ya Augustin ikiwamo, moja baada ya nyingine, zikitetemeka na kugongana kwenye nyaya. Mwenye kibanda alidhani ni matangazo ya kampuni ya simu. Akaendelea kula mandazi yake.

Glodie alikuwa darasani. Yeye hakupata ujumbe wowote, kwa sababu hakuwa chef wa familia yoyote.

Véronique aliletwa kesho yake juu ya pikipiki, amefunikwa kwa kitenge cha mtu mwingine. Chake mwenyewe kilikuwa bado kiunoni, na simu ilikuwa bado kwenye fundo. Glodie aliifungua mbele ya wanawake waliokuwa wakimwosha. Betri ilikuwa imejaa. Mtandao ulikuwapo. Ujumbe wa mwisho ulikuwa ule ambao Glodie mwenyewe alimtumia dada yake juzi, wa kumkumbusha majani ya muhogo: Yaya, usisahau sombe.

Hapo akapiga ukelele uliowatoa watu nje ya mahema.

Honoré alikuja kwenye matanga na akalia machozi ya kweli. Glodie alimtazama akilia, akamchukia kuliko alivyowachukia wale wenye bunduki, ambao hakuwahi kuwaona sura. Matanga yalipoisha, Honoré aliingiza rekebisho. Ilimchukua muda wa kunywa chai.

Glodie alilifungua akalisoma. Mistari ilikuwa yake, jinsi alivyoiandika, ila chini yake palikuwa na swali ambalo yeye hakuliandika: Chef de famille anakubali? Ndiyo au hapana. Pasipo ndiyo, namba ya pili ilikaa kimya.

“Njo compromis, ma sœur, kila mutu anaacha kidogo,” Honoré alisema kwa upole. “Bila hii, wababa wangekataa programme yote.”

Glodie alifanya kile ambacho programu huria inamruhusu kila mtu kukifanya: alichukua nakala yake, akaling'oa lile swali, akaondoka nayo. Usiku alipoiwasha ndipo alipotambua alichobeba. Nakala haikuwa na namba za watu, wala vijana wa vijijini hawakuijua. Wote walikuwa wa klabu. Uhuru alikuwa nao, na kengele alikuwa nayo, isipokuwa hapakuwa na wa kuipiga wala wa kuisikia.

Na muhogo uliokuwa ndani ulikuwa unakwisha.

Rebecca, binti wa kwanza wa marehemu, ndiye aliyechukua jembe la mama yake bila kuambiwa. Akafunga na ile simu kwenye kitenge chake. Glodie akaenda kwa Augustin, aliyekuwa ameketi mlangoni pa hema, amekonda, ndevu hazijanyolewa.

“Shemeji, sema ndiyo tu. Niandikishe numéro ya Rebecca.”

Augustin aliitoa simu yake mfukoni.

“Mutoto mwanamuke na numéro yake? Watamuharibisha. Message ikuye kwangu. Hii simu haitatoka tena mu mufuko yangu, nakuapia.”

“Na charge ikiisha?”

Augustin aliifunika simu kwa viganja vyote viwili, akaanza kulia. Ndiyo hakuisema.

Alfajiri Rebecca alitoka. Glodie, ambaye siku hiyo alitakiwa darasani, alichukua jembe la pili akamfuata. Walipoiacha barabara ya Marabo, msichana alitaka kusema neno, na mama yake mdogo akamshika mkono anyamaze. Wakaenda hivyo hadi shambani, wakisikiliza ndege.