Mgeni Asiye na Tiketi ya Kurudi

Siku zisizo na ndege, uwanja wa ndege wa kisiwa chetu cha Funafuti ni wetu. Asubuhi ile mimi na Bibi Alieta tulikuwa tumetandaza majani ya mkadi juu ya lami, tukiyageuza yakauke pande zote kabla ya kusukiwa mikeka. Vijana walikuwa wanafunga wavu wao wa mpira. Mbwa walikuwa wamelala katikati kabisa. Bibi alikuwa ananieleza kwa mara nyingine jinsi mke wa mchungaji anavyosuka ovyo, mara king'ora cha kutangaza ndege kikalia.

"Leo?" akauliza.

"Leo hakuna ndege, Bibi."

Kikalia tena. Hapo tukakumbuka wote kwa pamoja. Ndege ya jana haikuja kwa sababu ya mvua. Kumbe ilisogezwa hadi leo, na sisi hatukuambiwa.

"Sulami wangu!" Bibi akapiga kelele. Shangazi Sulami alikuwa anarudi kutoka hospitali ya Suva. "Na taji langu la maua liko kwenye friji la Petaia! Kimbia, Seluka, miguu unayo!"

Nilikimbia, na si kwa ajili ya taji peke yake. Tangu nirudi kutoka chuoni, mimi ndiye ninayekaa kwenye meza ya wageni na kuwagongea muhuri wa kuingia nchini. Mkubwa wangu ni huyo huyo Petaia, mjomba wangu upande wa mama, na friji lake ndilo linalotunza maua ya mtaa mzima. Nilifika mezani nikiwa na taji mkono mmoja na muhuri mkono mwingine, sketi imejaa vipande vya majani makavu.

Ndege nimeziona zikitua tangu nikiwa mtoto wa kubebwa, na bado sijazizoea. Ukikaa pale mezani, mlangoni unaona bahari kuu, na dirishani upande wa pili unaona maji yetu ya ndani yaliyokingwa na miamba, yametulia kama kioo. Katikati ni sisi, kamba nyembamba ya mchanga. Halafu katika mbingu yote ile tupu kinatokea kidoa, kinakua, kinapata mabawa, na watu wanashuka kutoka ndani yake wakiwa na mikoba na mafua yao. Kila mara huwa nasahau kufunga mdomo.

Abiria walikuwa wachache. Shangazi Sulami hakuwamo. Mmoja wao alileta habari kwamba daktari amemzuia wiki nyingine. Wa mwisho kufika mezani alikuwa mwanamke mrefu, nywele zimejaa mvi, amevaa koti la njano la mabaharia lililomzidi mabega. Kabla ya kunitazama alitazama mlangoni, kisha dirishani, kisha mlangoni tena.

Pasipoti yake ilikuwa ya Ureno. Jina, Odília Sarmento. Watu wa nchi yake huingia kwetu bila viza, ila kuna mambo tunayowauliza, nami huyauliza nikiwa nimeinamia karatasi, maana macho ya watu yananishinda. Pasipoti iwe na muda wa kutosha. Yake ilikuwa nao. Pesa za kujikimu. Alizitoa bila kuombwa mara ya pili.

"Utalala wapi, mama?"

"Hoteli," akajibu kwa Kiingereza cha kuokoteza.

Hoteli ilikuwa imejaa wageni wa mkutano. Nilipomwambia hivyo, hakuonekana kujali.

"Na tiketi ya kurudi?"

Akatikisa kichwa.

Mjomba Petaia, aliyekuwa amejiegemeza ukutani akipepea na kofia yake, akasogea. "Mwambie anunue. Moeo yuko pale kwenye dirisha la tiketi, na leo mashine yake inafanya kazi. Hata mimi sikutegemea."

Nikamwambia. Bi Odília akaenda kwenye dirisha la tiketi, akafungua mkoba. Moeo akamuuliza kitu. Mwanamke akasimama tu, noti mkononi, kama mtu aliyesahau alichotumwa dukani. Kisha akarudi kwangu.

"Siwezi," akasema.

"Pesa hazitoshi?" Mjomba akauliza.

"Zinatosha!" Moeo akaitikia kutoka kwenye dirisha lake. "Nimemuuliza tarehe tu. Nikamwambia ataje yoyote, tutaibadilisha baadaye. Hataki."

"Mama," nikasema polepole, "taja siku yoyote tu."

"Siwezi kutaja siku."

"Umekuja kufanya nini hapa?" Mjomba akamuuliza.

"Kutalii."

Alilitamka neno hilo kama mtu anayesoma kibao cha barabarani. Mjomba akanivuta pembeni.

"Rubani anaondoka akimaliza kupakia mizigo. Huyu anarudi naye."

"Mjomba, amesafiri kutoka upande wa pili wa dunia."

"Najua ametoka wapi, nimeona ramani. Unamkumbuka yule wa mwaka jana, mwenye gitaa? Naye alikuwa anatalii. Akaishiwa, tukamlisha, tukamchangia nauli kanisani. Kuku wangu wawili waliishia tumboni mwake! Sheria iliwekwa ili mtu asikwame kwetu. Wewe Seluka hata nzi humfukuzi, ndiyo maana niko hapa."

Alikuwa amesema kweli. Bi Odília alielewa bila kutafsiriwa. Aliinua begi lake, akageuka kuitazama ngazi ya ndege, na uso wake ukawa kama nyumba iliyozimwa taa zote kwa mara moja.

Wakati huohuo Bibi akaingia kwa mlango wa pembeni, ambao hakuna aliyewahi kumzuia kuupita. Macho yake yana mtoto wa jicho. Anaona vivuli na rangi. Akapapasa mezani kwangu, akalichukua taji la maua, akaenda moja kwa moja hadi kwenye kivuli kilichosimama na begi.

"Sulami wangu! Inama basi, umerefushwa na hospitali?"

Bi Odília aliinama. Sijui nani alimwambia ainame. Bibi akamvika taji, akamshika mashavu.

"Bibi," Mjomba akasema, "huyo si Sulami. Sulami yuko Suva."

Vidole vya Bibi vikapita juu ya uso wa mgeni. "Kweli. Pua hii haijawahi kuonekana kwetu."

Watu waliokuwa wanachungulia mlangoni wakaangua kicheko.

"Basi mvue, tumalize. Ndege inamsubiri."

"Nimvue?" Bibi akageuka. "Nimvue taji? Wewe Petaia, ulipokuja na yule mkeo tusiyemjua kwao wala kabila lake, nani alimvika pale nje? Ni mimi. Nilimvua?"

Mke wa Petaia, aliyekuwa katikati ya wale wachunguliaji, alicheka kuliko wote.

Kwetu, anayekuvika taji unaposhuka ndiye anayekulisha, na utalala kwenye mkeka wake mpaka siku ya kuondoka. Watu wamekosana maisha yao yote, lakini sijawahi kusikia taji limevuliwa. Nikachukua kalamu, na palipoulizwa mahali pa kulala nikaandika nyumba ya Bibi Alieta. Mjomba hakunizuia. Akavaa kofia yake, akaivua.

"Sawa, pa kulala amepata. Tiketi bado. Na hiyo, Bibi, ni sheria. Si friji langu, la kufungua upendavyo."

"Hiyo tiketi inataka kujua nini?" Bibi akaniuliza.

"Inataka siku atakayoondoka."

"Na yeye hataki kusema."

"Anasema hawezi."

Bibi alikuwa bado ameshika mkono wa lile koti la njano. Akakikunja kitambaa chake kati ya vidole, akakinusa. "Muulize koti la nani hili. Lake si hili."

Nikamuuliza.

"La mwanangu."

"Yuko wapi mwanao?"

Bi Odília akatazama mlangoni, kwenye bahari kuu, kisha dirishani. Nilifuata macho yake. Maji yale nimeyaona kila siku ya maisha yangu, nimeyaoga, nimeyachota, nimekula kilichomo. Sasa nikayaona kama mtu aliyeshuka leo. Hayakuwa na mwisho. Yalikuwa yametuzunguka kila upande, yanang'aa, mazuri mno, na hayakumjibu mtu.

Sikuhitaji kumtafsiria Bibi ukimya ule.

"Mwambie hivi," akasema, na sauti yake haikuwa ile ya kumsema mke wa mchungaji. "Mume wangu, babu yako, alipokwenda kuvua na hakurudi, mimi nilikataa kulala ndani. Nilikaa ufukweni. Nilisema nikiingia nyumbani, nikila, nikichana nywele, mimi ndiye nitakayekuwa nimemuua. Wanawake walikuja. Hawakuniambia amekufa. Waliniambia, njoo ule, kisha tutarudi wote. Tukala, tukarudi wote. Kesho yake hivyo hivyo. Mpaka siku moja nikawaambia mimi mwenyewe kwamba amekufa."

Nimelelewa na Bibi. Ninajua anapenda samaki wa namna gani na goti lipi linamuuma mvua ikikaribia. Hayo sikuwahi kuyasikia. Nilimtazama yule mzee mfupi mwenye majani ya mkadi kwenye nywele, nikaona sijawahi kumtazama kabla ya siku hiyo.

Nikatafsiri. Mimi ambaye husema chini chini nilisema kwa sauti, kwa sababu sikutaka hata neno lake moja lipotee njiani. Mjomba Petaia alikuwa amevua kofia na kuishika kifuani kama yuko kanisani. Nje injini ilianza kuunguruma, na mtu akamwita kwa jina, naye akabaki pale pale.

"Mwambie nitakwenda naye ufukweni," Bibi akamalizia. "Asubuhi na jioni. Sina kazi nyingine, mkadi unajikausha wenyewe."

Nilimwambia na hilo.

Bi Odília akaweka begi chini. Akalishika taji kichwani kwa mikono miwili lisidondoke, akatembea mpaka kwenye dirisha la Moeo. Bibi akamfuata akiwa ameshika upindo wa koti. Moeo, ambaye kwa kawaida hana subira hata ya kumsubiri mama yake, aliweka vidole juu ya mashine, akangoja.

"Mwanangu amekufa," Bi Odília akasema, na hata waliokuwa mlangoni walimsikia. "Anaitwa Duarte. Mashua yake wavuvi wenu waliiokota ikiwa tupu. Nimekuja kumuaga. Niandikie mwisho wa mwezi."