Sifuri ya Kwamboka

Jana mchana niliota. Nilikuwa nimelalia insha za Kidato cha Pili katika chumba cha walimu, muda mfupi baada ya kumpa Kwamboka sifuri. Mimi hutunga riwaya alfajiri na kufundisha mchana, na kwa miaka kumi na tisa nimewaonya wanafunzi: atakayemaliza hadithi kwa "nikaamka, kumbe ilikuwa ndoto" asije kunililia. Kwamboka alimaliza hivyo hivyo. Sikio la kufa halisikii dawa, nikasema, nikachora sifuri nono.

Basi natembea ndani ya riwaya yangu ya tatu, ile inayokataa kwisha. Barabara inakatika katikati ya sentensi. Hapo Nukta, yule anayefunga sentensi, amekaa kitini, mnene, amevaa kofia ya bawabu.

"Naomba kutoka," namwambia. "Nina kipindi saa nane."

"Njia ya kutoka ni moja, kuamka. Nawe umeipiga marufuku."

"Basi nife."

"Ukifa, nani atasimulia? Si kanuni yako hiyo?"

Ilikuwa yangu. Nilijuta kuwa na kanuni nyingi kiasi kile.

"Nioe mke, basi, niishi raha mustarehe."

"Hilo ulimkatia mtoto wa watu alama tano."

Jasho likanitoka. Niliogopa kwelikweli kwamba nitabaki humo, na kipindi changu apewe mwalimu wa Hisabati.

Ndipo insha ya Kwamboka ikaja, inatembea kwa pembe zake mbili za chini, sifuri imening'inia shingoni kama kengele ya ng'ombe.

"Mwalimu, ulinisoma?"

"Nilikusoma."

"Yote?"

"Mstari wa mwisho," nikakiri.

"Haya, kaa."

Kikatokea kigoda. Nikakaa, nikaanza kusoma kutoka juu. Mama yake Kwamboka, aliyezikwa mwezi wa nne, amerudi nyumbani na chanuo mkononi. Anamkalisha binti yake uani, anamsuka, anamgombeza asitikise kichwa. Ninavyosoma, vidole vinaanza kunivuta nywele kutoka nyuma.

"Hebu tulia wewe," sauti ya mama inaniambia.

Natulia. Anapofika nusu ya kichwa, msichana anaamka. Kumbe ilikuwa ndoto.

Nililia. Mambo mengine huishia hivyo tu, hata mwalimu akikataza.

"Nimekosa," nikaiambia insha. "Sikustahili kukusahihisha. Chukua ishirini kwa ishirini."

Nukta akasogeza kiti chake pembeni.

Niliamka kengele ya saa nane ikilia. Bi. Kemunto wa Jiografia alikuwa amesimama mlangoni na chaki zake, ananikodolea macho.

"Mwalimu Nyamweya, nani amekusuka?"

Nikajipapasa. Mistari minne, imebana vizuri, upande wa kushoto. Upande wa kulia hapakuwa na kitu.